Motokari za zamani Kisangani: Coccinelle, Peugeot, Land Rover, na barabara zenye zilizibeba

Siku hizi hapa Kapalata, ukisikia injini inakuja, mara mingi ni pikipiki. Vijana wanajua sauti ya kila aina, wanajua hata bila kugeuka kama ni TVS ao ni ingine. Lakini ukae magharibi na wazee kwenye kiti cha mbele ya nyumba, uwaulize motokari gani walipenda wakiwa wadogo, masimulizi hayaishi mpaka usiku. Mmoja atasema Peugeot 404. Mungine atakataa, atasema hakuna kitu kilipita Coccinelle. Mwenye alikuwa boi-shofere atasema hao wote hawajui kitu: mkubwa wa barabara alikuwa lori la Mercedes lenye pua ndefu.

Makala hii inakusanya yenye yanajulikana juu ya zile motokari: zilitoka wapi, zilifika namna gani Kisangani, kwa nini watu walizipenda, na kwa nini zilipotea. Wengi wanafikiri zilipotea juu zilizeeka. Hiyo ni nusu tu ya jibu. Kisangani barabara ndizo zilikufa kwanza, na motokari zikafuata.

Mji wa mashua na treni

Kisangani, yenye iliitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966, haikujengwa juu ya motokari. Ulikuwa mji wa mto. Mashua zilipanda kutoka Kinshasa safari ya kilometa 1.734 hivi, zikaishia hapa, juu mbele kuna maporomoko ya Wagenia na mashua haiwezi kupita. Kwa hiyo Wabelgiji walijenga reli upande wa kushoto wa mto, kutoka Stanleyville mpaka Ponthierville, leo Ubundu. Ni kilometa 125, na ilifunguliwa mwaka 1906. Mizigo ilishuka kwenye mashua, ikapanda treni, kisha ikapanda tena mashua ingine juu ya maporomoko.

Motokari zilikuja nyuma, na zenyewe pia zilifika kwa mashua. Safari moja yenye vitabu vinazungumuzia ni ile ya kampuni ya Citroën. Mwezi wa 10 mwaka 1924, magari 8 yenye mikanda ya mpira kwenye mahali pa magurudumu ya nyuma yalitoka Algeria, yakavuka jangwa la Sahara, yakaingia Kongo ya Wabelgiji, yakapita Stanleyville mwaka 1925, kisha yakaenda upande wa Uganda. Wafaransa waliita safari hiyo Croisière noire. Kwa Citroën ilikuwa matangazo ya biashara: kuonyesha kama gari inaweza kupita Afrika yote. Kwa watu wa njiani ilikuwa ajabu, na tena ilikuwa kazi: miti ya kukata, vivuko vya kutayarisha, mizigo ya kubeba.

Inafaa kusema hilo mapema. Barabara zenye wazee wanasifu, nyingi zilifunguliwa kwa kazi ya kulazimishwa. Vijiji vilitolewa kwenye pori na kupangwa kando ya njia, na watu wake walilazimika kulima, kufagia na kutengeneza kipande chao cha barabara. Babu wa huyu mwenye anasifu Chevrolet ya muzungu, pengine ndiye aliyechimba udongo wa kuipitisha.

Kantonye na bariere ya mvua

Nyuma ya vita kuu ya pili, barabara za Province Orientale zilikuwa zimeenea. Ya kwenda Buta ilibeba pamba na kahawa. Ya kwenda Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa na Komanda ilipita katikati ya pori la Ituri mpaka Bunia na Beni. Ya kwenda Lubutu na Walikale ilitafuta Bukavu. Hazikuwa na lami. Zilikuwa udongo mwekundu tu, lakini zilipitika, na siri yake ilikuwa vitu viwili.

Cha kwanza ni kantonye. Huyu alikuwa mtu wa kijiji mwenye kupewa kipande chake cha barabara. Na jembe, kupe na kitoroli, alifungua mifereji kila mara maji yasikae katikati, alikata majani pembeni ili jua likaushe njia, na alijaza shimo likiwa bado dogo.

Cha pili ni bariere ya mvua. Mvua ikinyesha, mti ulishushwa kukata njia. Lori lilisimama hapo, hata kama shofere ana haraka gani, hata kama mwenye mali ni mkubwa, mpaka njia ikauke. Sababu ni ya kueleweka: lori la tani 5 likipita kwenye matope linachimba mfereji kwa magurudumu yake, mvua ya pili inajaza ule mfereji, lori la pili linachimba zaidi, na kwa juma mbili njia inakuwa shimo. Saa chache za kungoja ziliokoa miezi ya kazi.

Ndani ya hali hiyo, hata motokari ndogo ya familia iliweza kutoka Kisangani ikafika mbali. Wenye hawajaona wakati huo wanashangaa: Coccinelle kwenye barabara ya Ituri? Lakini ilipita.

Coccinelle: injini nyuma, sanduku mbele

Volkswagen ya zamani, yenye Wafaransa na Wakongomani wanaita Coccinelle, ilitengenezwa Ujerumani, kisha nchi zingine. Mtoto aliyeiona mara ya kwanza alikumbuka mambo mawili. Kwanza umbo lake, mgongo wa duara kama kobe. Pili, ikifunguliwa mbele hakuna injini: ni mahali pa sanduku. Injini iko nyuma.

Kwa mji wa joto na matope kama Kisangani, hiyo haikuwa mchezo wa macho. Injini ya Coccinelle inapozwa na hewa. Haina radiateur, haina maji ya kuchemka, haina mpira wa maji wa kupasuka katikati ya pori. Na juu injini inalemea magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanasukuma, inashika vizuri njia yenye kuteleza. Chini yake ni bati laini la sahani, haliachi vitu vya kukwama kwenye mawe. Na ikikwama kweli, ni nyepesi: wanaume wanne ao watano wanaiinua na kuiweka pembeni.

Nguvu hiyo ilionekana pia Afrika ya Mashariki. Kwenye mashindano ya Safari Rally, yenye ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, Volkswagen ilishinda mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962. Ya mwisho kabisa duniani ilitoka kiwandani Mexico tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 2003, na hesabu ilikuwa imepita milioni 21.

Hapa, Coccinelle ilikuwa motokari ya mupadri, ya mwalimu, ya ajenti wa kampuni. Haikuwa ya wakubwa kabisa, na labda ndiyo sababu watoto waliipenda: ilikuwa gari yenye mtu angeweza kuota kupata.

Peugeot: 403, 404, 504

Ukiwaweka watu wa miaka 60 na kupita pamoja, jina lenye linarudi kuliko yote ni Peugeot.

403 ilitokea mwaka 1955. 404 ilifuata mwaka 1960, ikiwa na vipembe viwili nyuma kama mapezi ya samaki na umbo lililochorwa na Pininfarina wa Italia. 504 ilifika mwaka 1968, na mwaka wa 1969 ilichaguliwa gari ya mwaka Ulaya. Zote tatu zilikuwa za nchi ya Ufaransa, lakini watu wa Afrika walizifanya zao. Kenya na Nigeria zilifika hatua ya kuunganisha 504 kwao nyumbani, na ziliendelea wakati Ufaransa yenyewe ilikuwa imeacha.

404 ilishinda Safari Rally mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968 mvua ilikuwa kali sana hivi motokari 7 tu ndizo zilifika mwisho, na mara zote mbili ya kwanza ilikuwa Peugeot 404. 504 nayo ilishinda mwaka 1975 na 1978. Mashindano hayo hayakupita Kongo, lakini habari zake zilipita.

Kilichopendwa ndani ya 404 ni vitu vidogo. Kiteshi chake kilikuwa kwenye usukani, si chini. Kwa hiyo kiti cha mbele cha zile za kazi kilikuwa kirefu kama benchi, na watu watatu walikaa. Springi zake zilikuwa laini na ndefu: gurudumu linaingia ndani ya shimo, lakini mwenye kukaa hasikii sana. Na kulikuwa ile ya bashe, pikapu yenye hema nyuma, yenye ilikuwa kazi ya mji mzima. Asubuhi ilibeba mihogo na ndizi, saa sita ilibeba watu wa soko, magharibi ilibeba maiti mpaka kaburini, siku ya posho ilibeba bibi arusi.

Peugeot iliingia hata ndani ya vitabu. Mwandishi V. S. Naipaul, mwenye alipata zawadi ya Nobel mwaka 2001, alitoa mwaka 1979 kitabu A Bend in the River. Hadithi yake iko katika mji usiotajwa jina kwenye kona ya mto mkubwa, na wasomaji wengi wanaona kama ni Kisangani. Mtu wa hadithi hiyo anafika kutoka pwani ya mashariki kwa Peugeot, akipita njia mbovu na bariere za askari. Wenye wamesafiri barabara za kwetu hawahitaji maelezo.

Land Rover na malori ya pua ndefu

Land Rover ilianza Uingereza mwaka 1948. Nyuma ya vita chuma cha bati kilikuwa haba, kwa hiyo mwili wake ulitengenezwa kwa aluminyumu. Hiyo ilileta matokeo mawili hapa. La kwanza, mwili haukuliwa na kutu, na ndiyo maana unaweza kukuta Land Rover isiyo na injini wala magurudumu, lakini milango yake bado ni mizima. La pili ni la huzuni: aluminyumu inayeyuka kirahisi, na mafundi wa sufuria wanaitafuta. Kuna Land Rover ngapi zenye zinapika pondu leo katika mji huu, hakuna mwenye anaweza kuhesabu. Blok za injini za aluminyumu zilipita njia hiyo hiyo.

Lori ndilo lilikuwa shule. Mercedes ya pua ya duara, Bedford ya Kiingereza, Magirus-Deutz yenye injini ya kupozwa na hewa: kila moja ilikuwa na watu wake. Shofere alikuwa bwana mkubwa. Pembeni yake alikaa konvoyeri, mwenye kuangalia mali. Nyuma, juu ya mizigo, alikaa boi-shofere. Huyu alikuwa kijana, pengine ametoka masomo ya msingi tu. Kazi yake ilikuwa kuweka gogo chini ya gurudumu kwenye mlima, kuteka maji, kubadilisha mipira, kulala chini ya lori usiku. Hakulipwa kitu kikubwa, lakini alijifunza. Nyuma ya miaka kadhaa shofere alimwachia usukani mahali pa wazi, na siku moja alirudi mtaani yeye mwenyewe akiendesha. Mafundi wengi wazee wa Kisangani walisoma hivyo, hawakupita kwenye shule nyingine ya ufundi.

Zaïre: magari mapya, kisha piesi haba

Mwanzo wa miaka ya 1970 watu wanaukumbuka vizuri. Shaba ilikuwa na bei, serikali ilikuwa na pesa. Mwaka 1971 iliundwa Office des Routes kwa kuangalia barabara za nchi nzima. General Motors ilikuja kuunganisha motokari Kinshasa. Wakubwa wa chama na wa serikali walipita na Mercedes nyeusi, na watoto walikimbia nyuma yake.

Tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973, Rais Mobutu alitangaza zaïrianisation. Maduka, mashamba na garaji za wageni, Wagiriki, Wareno, Wahindi na wengine, zilipewa Wazaïre. Wazo la kuwa mali ya nchi iwe ya wana-nchi wengi walilipenda. Lakini wengi wenye walipewa hawakuwa wafanyabiashara wala mafundi. Waliuza yenye walikuta ndani ya depo, na hawakuagiza mengine. Katika garaji hilo lilionekana haraka kuliko mahali pengine: gari bila piesi haisongi. Mwaka 1974 na 1975 bei ya shaba ilianguka, devise zikakosekana, na hata mwenye alitaka kuagiza hakuweza.

Hapo ndipo ilizidi namna ya kuishi yenye Wakongomani wanaita Article 15: ujitafutie mwenyewe. Gari tatu zilikufa ili moja iishi. Ile isiyotembea iliwekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, na kila mwezi ilitolewa kitu: leo dinamo, kesho kabirateri, keshokutwa mlango.

Ufundi wa mkono

Kwa nini zile motokari ziliweza kuishi hivyo, na za leo haziwezi? Sababu ni namna zilitengenezwa.

Kabirateri ya Peugeot 404 inafunguliwa na bisibisi, inapulizwa kwa mdomo, inarudishwa. Moto wa bujia unapangwa kwa kuangalia mwanya mdogo wa platine, fundi anaupima na kipande cha karatasi ngumu. Kle chache, ya 10, ya 13, ya 17, zinafungua karibu gari nzima. Hakuna ordinateur. Kama gari inakataa kuwaka, ni moja ya mambo matatu: esansi haifiki, moto haufiki, ao hewa haifiki. Fundi anatafuta kwa sikio na kwa pua.

Na kulikuwa ujanja wa barabara. Tanki ya esansi ikitoboka kwa jiwe, kipande cha sabuni ya kufulia kinasuguliwa kwenye tundu, na esansi inaacha kutoka mpaka kijiji cha mbele. Springi ya majani ikivunjika, inafungwa na mti mgumu na kamba ya mpira. Joint ikiungua, inakatwa ingine ndani ya karto. Ujanja mwingine ulikuwa wa hatari, kama kutia maji ya sabuni mahali pa mafuta ya freni. Freni zilishika kidogo, kisha siku moja hazikushika tena.

Hapo kumbukumbu inapaswa kuwa ya kweli. Zile gari hazikuwa na mikanda ya kujifunga, ao kama ilikuwapo ilikatwa kufungia mizigo. Lori lilibeba watu juu ya magunia, na likianguka walikufa wengi. Mtu anasifu 404 na wakati huohuo ana ndugu mwenye hakurudi safari ya Buta. Yote mawili ni ya kweli.

Namna zilipotea

Miaka ya 1980, kantonye walianza kukosa mshahara, na bariere ya mvua ikageuka kuwa bariere ya kuomba pesa: mwenye kulipa anapita, hata kama ni matope. Hiyo ndiyo saa barabara ilihukumiwa. Njia ya Buta ilifunga kidogo kidogo. Njia ya Ituri ikawa ya juma nyingi, kisha ya miezi, lori likilala ndani ya shimo lenye urefu wake. Peugeot, yenye ilikuwa imezoea kwenda mpaka Bunia, ikabaki kuzunguka ndani ya mji: Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo, na kurudi.

Kisha zilikuja pillage za mwaka 1991 na 1993. Maduka yalivunjwa, depo zilimalizwa, wageni wenye walikuwa bado na garaji walienda. Tarehe 15 mwezi wa 3 mwaka 1997, AFDL iliingia Kisangani. Mwaka 1998 vita vya pili vilianza, na mji ukabaki upande wa waasi wakati Kinshasa ilikuwa upande wa serikali. Mto ukakatwa. Mashua hazikupanda tena na mazuti wala esansi. Mafuta yalikuja kwa ndege, yakauzwa ndani ya chupa kando ya njia na watu wenye wanaitwa Kadhafi, kwa bei yenye mtu wa kawaida hakuweza.

Majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji mwezi wa 8 mwaka 1999, tena mwezi wa 5 mwaka 2000, na kwa siku sita kutoka tarehe 5 mpaka tarehe 10 mwezi wa 6 mwaka 2000. Mamia ya watu walikufa, nyumba zilibomolewa na makombora. Mbele ya vifo hivyo, kuhesabu motokari ni kitu kidogo. Lakini familia nyingi zinapohesabu yenye zilipoteza, gari ya baba iko ndani ya hesabu: ilichukuliwa, ao iliungua, ao iliuzwa kwa kukimbia.

Toleka: mji ulipopanda kinga

Katika wakati huo mji haukusimama. Watu walitoa kinga. Waliweka kiti cha sponji nyuma, na kijana akasukuma pedali akibeba abiria. Jina lake lilikuwa toleka, neno la Lingala lenye linamaanisha "tupite". Walimu, waganga, mama wa soko, wote walipanda toleka. Ilikuwa kazi ya maelfu ya vijana, wengine walilipia masomo ya chuo kikuu kwa miguu yao. Kwenye njia ndefu, wengine walisukuma kinga zenye kubeba mizigo kutoka ndani ya pori kwa siku nyingi, wakipita mahali lori halikuweza kupita tena.

Nyuma ya vita, pikipiki za bei ndogo zilifika, na toleka nayo ikaanza kupungua. Leo mtu wa miaka 35 wa Kisangani anakumbuka toleka kama vile baba yake anakumbuka Peugeot. Kila kizazi na chombo chake. Tofauti ni kwamba baba alitamani chombo cha kumpeleka Bunia, na mwana alitamani chombo cha kumfikisha sokoni. Barabara ilifupisha hata ndoto.

Mwisho wa miaka ya 2000, barabara ya kitaifa namba 4 upande wa Nia-Nia na Beni ilifunguliwa tena kwa msaada wa Benki ya Dunia. Mwaka 2008 iliundwa FONER, mfuko wa kutunza barabara, wenye unapata pesa kwenye mafuta na kwenye peaje. Malori yalirudi, na pamoja nayo Toyota za mtumba zenye zilipita Uganda, nyingi usukani kuume, wakati Kongo tunatembea kuume na usukani unafaa kuwa kushoto. Lakini bila kantonye na bila bariere ya mvua yenye kuheshimiwa, shimo linarudi. Mwenye alipita vizuri mwaka wa kwanza, mwaka wa tano alilala njiani.

Yenye imebaki

Mabaki yapo, lakini si mingi. Hapa mwili wa Land Rover umekuwa kibanda cha kuku. Kule kapo ya Coccinelle inafunika kisima. Mara moja moja 504 ya zamani inapita ikitoa moshi, na wazee wanasimama kuiangalia mpaka ipotee kwenye kona. Kitu chenye kinapotea haraka kuliko chuma ni ujuzi. Fundi mwenye anaweza kupanga kabirateri kwa sikio ana miaka 70, na kijana wa garaji anajifunza pikipiki tu, juu ndiyo yenye kumlisha.

Kwa familia yenye ingali na kitu, kuna mambo matatu ya kufanya bila pesa. Kwanza, tafuta picha. Zamani watu walipenda kupiga picha wakiegemea motokari, hata kama si yao. Andika nyuma jina la mwenye picha, mwaka na mahali. Pili, chunga karte roze ya zamani na namba ya shasi: inaonyesha gari ilikuwa ya nani, na inaweza kuwa ushahidi wa mali ya familia. Tatu, kama baba ao babu alikuwa shofere, mwombe ataje njia yake: kila kijiji, kila mto, kila daraja, kutoka Kisangani mpaka mwisho wa safari, na mahali bariere za mvua zilikuwa.

Hiyo ya tatu ndiyo ya maana kuliko zote. Peugeot ingine inaweza kununuliwa. Lakini mwenye anajua mahali maji yalipitishwa chini ya barabara, mahali udongo ni mzuri na mahali unateleza, huyo anajua kitu chenye mhandisi wa leo angelipa pesa mingi kukijua. Wazee hao wakisifu motokari zao, wasikilizwe mpaka mwisho, juu mara mingi wanasifu barabara.